Mwimbaji Peke Yake Mbele ya Kipaza Sauti

Msikilizaji afunguaye redio yake jioni, akausikia ubeti wa taarabu ukipita laini bila ya kikohozi wala mtetemo, aghalabu hadhani kwamba ubeti ule huenda uliimbwa mara ishirini kabla ya kukubaliwa. Yeye hustarehe tu, na hiyo ni haki yake. Lakini katika Visiwa hivi, ambavyo jina lake limesafiri mbali kwa karafuu na kwa nyimbo pia, inafaa tujue kinachotendeka nyuma ya mlango wa studio. Zaidi inafaa wakijue wale waliokabidhiwa dhamana ya utamaduni wetu, kwani wao ndio watiao saini fedha za mitambo.

Shida ya mwanzo ni ugeni wa mahala. Mwimbaji wa taarabu amelelewa mbele ya watu. Nyuma yake pana fidla, ubavuni waitikiaji, na mbele yake kina mama wanainuka mmoja mmoja kwenda kumtunza. Ubeti ukipokewa vyema huurudia, ukipoa huupita. Akitaka kuivuta sauti, wapigaji humngoja mpaka pumzi imwishie, ndipo waingie. Studio humnyang'anya yote hayo. Huingizwa peke yake katika kijumba kidogo, akavishwa hedifoni, na muziki anaoimbia umekwisha kupigwa na kunaswa tangu jana. Muziki ule haumngoji mtu. Aliyezoea kufuatwa hulazimika kufuata, na mara nyingi ndipo hapo sauti njema inapoanza kusikika kama ya mwanafunzi anayesomeshwa kwa fimbo.

Hedifoni zenyewe zina visa vyake. Muziki ukiwa mkubwa masikioni, mwimbaji hajisikii, basi hupaza sauti kupita kiasi na kupotoka. Sauti yake mwenyewe ikiwa kubwa, huona haya akarudi nyuma. Ndiyo maana waimbaji wengi wenye uzoefu huvua upande mmoja, sikio moja lisikie mashine na jingine lisikie koo. Na mashine ikiichelewesha sauti hata kwa sehemu ndogo tu ya nukta, mwimbaji hujikuta anajifukuza mwenyewe. Tena kipaza sauti hakina huruma na herufi. Pumzi ya "p" na "b" hugonga kama ngumi juu ya meza, na "s" na "sh", ambazo lugha yetu imejaaliwa nazo kwa wingi, huchoma masikio. Dawa yake ni rahisi: kitambaa chepesi kilichotandwa juu ya duara la waya, na mwimbaji kusimama kiasi cha shubiri moja, akigeuza uso kidogo. Lakini mtu aliyezoea kuyumba na wimbo wake si rahisi kumwambia asimame kama mlingoti.

Kisha kuna chumba. Nyumba za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe ya matumbawe, nazo huzuia kelele za nje vizuri kabisa. Lakini chokaa yake ngumu huirudisha sauti ndani kama kisima. Nyumba mpya za matofali hazina unene huo, na paa la mabati wakati wa masika humaliza kazi kabla haijaanza. Mafundi wetu hutundika magodoro, mablanketi na mapazia mazito, na tunawasifu kwa ubunifu huo. Hata hivyo, chumba kilichozibwa hivyo huwa tanuri. Pangaboi lazima lizimwe, kiyoyozi kadhalika, kwa sababu kipaza sauti husikia kila kitu. Mwimbaji hutoka jasho, koo hukauka, na nje kunguru na pikipiki hawana habari. Adhana ikisikika kazi husimama, na hilo hakuna anayelilalamikia, ni pumziko.

Kwa ajili hiyo wengi hurikodi usiku. Usiku ni mtulivu, kweli, ila mwimbaji mwanamke mwenye watoto nyumbani, asiye na usafiri wa kurudia saa nane za usiku, huupata utulivu huo kwa bei kubwa. Na umeme nao una historia yake. Mwaka 2008 kisiwa cha Unguja kilikaa gizani kwa takriban mwezi mmoja, na tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 kwa miezi mitatu. Waya mpya wa chini ya bahari uliowekwa baadaye umeleta nafuu; lakini anayelipia studio kwa saa huhesabu hata dakika kumi za kukatika.

Wapo watakaosema kwamba wazee wetu walirikodi katika dhiki kubwa zaidi, na nyimbo zao tunazo. Ni kweli. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurikodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Sauti ilichorwa moja kwa moja juu ya nta, na nta haifutiki kipande. Aliyekosea katika ubeti wa mwisho aliharibu sahani nzima. Upande mmoja wa santuri haukuchukua zaidi ya kiasi cha dakika tatu, na wimbo wa robo saa ukabidi ukatwe au ugawanywe. Lakini tuangalie jambo moja: pale mwimbaji na wapigaji wake waliimba pamoja, katika chumba kimoja, kwa wakati mmoja. Dhiki yao ilikuwa ya muda na ya nta, hawakuondolewa wenzao.

Sasa kompyuta imeondoa dhiki ya nta na kuleta nyingine. Kwa kuwa kila kosa laweza kufutwa, mwimbaji huambiwa "tena" na "tena", mpaka koo linapasuka, ilhali fundi mwenye sikio jema anajua kwamba mara ya pili au ya tatu ndiyo iliyokuwa na roho. Panapobaki kasoro, huitwa programu ya kunyoosha sauti, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1997. Hapa tuna lalamiko letu kubwa. Programu hizo, zikiachwa kama zilivyotoka dukani, hupima sauti kwa ngazi kumi na mbili za kinanda cha Kizungu. Taarabu ya asili, kama ile iliyohifadhiwa na Ikhwani Safaa tangu 1905, imerithi makamu za Kiarabu, na baadhi ya makamu hizo, kama Rasti na Bayati, zina vidato vinavyoangukia katikati ya ngazi hizo. Mashine huona kidato kile kuwa ni kosa, hukivuta juu au chini, na kile alichojifunza mwimbaji kwa miaka thelathini hufutwa kwa kidole kimoja. Programu yaweza kuelekezwa vingine. Anayetakiwa ni fundi aliyefundishwa makamu, na fundi huyo hapatikani kwa kununua mashine.

Tunayasema haya kwa sababu wakati hautungoji. Bi Kidude alifariki tarehe 17 Aprili 2013, na hakuna awezaye kumwita tena chumbani aurudie ubeti. Wako wazee wengine, wa mjini na wa shamba, wenye nyimbo ambazo hazijapata kunaswa ipasavyo.

Kwa hiyo, popote palipojengwa au patakapojengwa studio ya umma, tunawaomba wahusika wasianze na orodha ya mashine. Waanze na chumba kikubwa cha kuwakusanya kikundi kizima, chenye milango miwili na hewa iingiayo bila kelele. Watenge saa za mchana kwa kina mama, na gari la kuwarudisha nyumbani wanaorikodi usiku. Wazee wapewe nafasi bila malipo ya saa. Vijana wanaosomea ufundi wa mitambo wakae angalau miezi michache chini ya mpiga udi au ganuni. Na mwimbaji wa Pemba asilazimike kupanda boti, akafika Unguja na koo lililojaa upepo wa bahari. Kwa kuanzia huko, hata darasa moja la skuli, lililotundikwa mapazia mazito wakati wa likizo, lingetosha.