Mwanzi wa Kuvulia Samaki Usioumiza Mkono Wala Mgongo

Mkulima arudipo kutoka shambani jioni huwa amechoka. Mgongo umeinama tangu asubuhi, na mikono imekaza mpini wa jembe. Akienda bwawani kuvua samaki wawili watatu wa watoto, yafaa mwili upumzike huko, usiongezewe maumivu. Lakini wengi hukaa saa nzima wameshika mwanzi mzito kwa mkono mmoja, na kesho yake kifundo cha mkono kimevimba hata jembe halishikiki. Siku ya palizi ikipotea kwa njia hiyo, samaki wale wamekuwa ghali kuliko nyama ya buchani.

Hatusemi watu waache kuvua. Samaki ni chakula cha kujenga mwili, na mabwawa yako karibu nasi. Mwaka 2009 Serikali ilianza mpango wa kuchimba mabwawa ya samaki 200 katika kila moja ya majimbo 140 ya uchaguzi yaliyochaguliwa. Wavu ni mzuri wakati wa kuvuna bwawa zima, lakini kwa chungu cha jioni mwanzi na ndoana vyatosha. Tena mwenye mwanzi hukaa ukingoni. Haingii majini penye hatari ya kichocho.

Chombo kibaya huumiza mtu mwenye nguvu pia. Katika jimbo la California, Marekani, vibarua wa mashamba ya saladi walipalilia miaka mingi kwa jembe lenye mpini mfupi, nao wakaharibika migongo. Mwaka 1975 jembe hilo lilipigwa marufuku, wakapewa lenye mpini mrefu. Kazi ilibaki ile ile. Kilichobadilika ni mpini.

Kwa nini mwanzi huchosha?

Jaribu kufunga mlango kwa kuusukuma karibu na bawaba. Utaona ni mgumu. Sukuma penye ukingo wa mbali, utafunga kwa kidole. Nguvu inayofanya kazi mbali hushinda nguvu kubwa inayofanya kazi karibu.

Sasa chukua mwanzi uliotokeza futi 9 mbele ya mkono, na samaki anayevuta nusu kilo kwenye ncha. Kiganja chako kina upana wa inchi 4 tu. Katika inchi hizo 4, mkono hulazimika kukaza kwa nguvu ya kilo 13 na nusu hivi ili ncha isianguke. Hapo ndipo maumivu yanapoanza. Lakini mwanzi ukiwa na mkia wa futi 1 nyuma ya kiganja, unaopita chini ya mkono kuelekea kwenye kiwiko, mkia huo utausukuma mkono kwa kilo 4 na nusu tu, na kifundo kitapumzika.

Namna ya kutengeneza

1. Kata mwanzi uliokomaa, wenye urefu wa futi 10. Uning'inize kivulini wiki 4 hadi 6, na ufunge jiwe dogo chini ili unyooke. Mwanzi mbichi ni mzito bure.

2. Pima futi 1 kutoka mwisho mnene. Hapo ndipo pa kushika. Sehemu ya nyuma ndiyo mkia.

3. Zungushia mahali pa kushika ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli mpaka pawe na unene wa inchi 1 na nusu hivi. Mpini mwembamba huchosha vidole kwa sababu huvilazimisha kukaza sana.

4. Funga kitambaa kinene kwenye mkia mahali unapogusa mkono, usije ukachubua ngozi.

5. Lazisha mwanzi juu ya kidole utafute mahali unapokaa sawa bila kuinama. Mahali hapo pakiwa mbali sana mbele, funga kipande kidogo cha chuma mwishoni mwa mkia. Ongeza kidogo kidogo, maana uzito ukizidi utachosha bega.

6. Kata vijiti viwili vyenye panda. Kimoja kisimike ukingoni, panda ikitazama juu, mwanzi ulale juu yake. Cha pili kisimike nyuma kwa kukigeuza, panda ikitazama chini, ishike mkia usiinuke. Hapo ardhi ndiyo itakayoshika mwanzi, nawe utakaa juu ya kigoda ukitazama boya.

Samaki akishika

Usimnyanyue juu kwa nguvu. Akiwa majini uzito wake karibu wote hubebwa na maji; ukimtoa hewani, wote wakujia mkononi. Mvute polepole mpaka ukingoni, shusha ncha, umchukue kwa wavu mdogo au kikapu. Mgongo nao hautapindika.

Huenda mwanzi huu usikufae sawasawa, kwa maana mikono ya watu haifanani. Basi ubadilishe. Jiulize: ni wapi panaponiuma, na chombo kinagusa wapi? Badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, ujaribu jioni mbili tatu, kisha uamue. Ukibadilisha mambo matatu kwa siku moja hutajua lipi lililokusaidia. Njia hii ni ya kila chombo: mpini wa jembe, mkono wa toroli, hata kigoda cha kukamulia ng'ombe.

Bwawa likiwa ni la skimu nzima, pata ruhusa ya kamati kwanza. Na kabla ya kuvua mtoni au ziwani, uliza ofisi ya uvuvi juu ya leseni. Maumivu ya kifundo yakizidi wiki mbili, usiyafunge kwa kitambaa tu, nenda zahanati. Mkono huo ndio unaolipa deni la shamba.