Diski ikijaa, sogeza ukuta kabla ya kukubali kufomati

Iko kauli moja ambayo baadhi ya mafundi wa kompyuta mitaani kwetu huitoa upesi mno: "Diski imejaa, dawa yake ni kufomati." Mwenye mashine huitikia, hulipa, na akirudi jioni huikuta kompyuta nyepesi kama mpya. Picha za harusi, hesabu za duka na barua za miaka mitano zimekwenda. Mara nyingi hasara hiyo haikuwa na lazima.

Jambo hili nimeanza kuliona zaidi tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Laptopu nyingi za mtumba hazitimizi masharti ya Windows 11, basi wenyewe wamekuwa wakiwekewa Linux, mfumo wa bure ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Aghalabu Linux huwekwa ubavuni mwa Windows, isije mtu akaihitaji ile ya zamani. Windows hubaki na uwanja mpana, Linux hupewa pembe. Baada ya miezi michache ile pembe inajaa, ilhali ule uwanja uko mtupu.

Ichukulie diski kama nyumba moja yenye vyumba. Kila chumba ni patisheni, na kina kuta zake. Ndani ya kila chumba mna daftari linaloandika kila kitu kimewekwa wapi na chumba kina ukubwa gani. Daftari hilo ndilo mfumo wa faili. Linux nyingi, Ubuntu ikiwemo, hutumia mfumo uitwao ext4, na Windows hutumia NTFS.

Siri yote iko hapa: ukuta na daftari ni vitu viwili, na kila kimoja hubadilishwa kwa wakati wake. Ukitaka kupanua chumba, sogeza ukuta kwanza, kisha urekebishe daftari. Ukitaka kupunguza, anza na daftari: vitu vikusanywe upande mmoja, daftari liandike ukubwa mpya, ndipo ukuta usogezwe. Anayetanguliza ukuta wakati wa kupunguza huviacha vitu nje ya nyumba, na data inayopotea hivyo ni shida kuirudisha.

Nitoe mfano. Madrasa moja mtaani kwetu ina laptopu yenye diski ya GB 500, ambayo kwa hesabu ya kompyuta yenyewe husomeka kama 465 hivi. Windows ilikuwa imeshika 420, na ndani yake 70 tu ndizo zilizotumika. Linux ilikuwa na 45 na imebakiwa na moja. Humo mlikuwa na majina ya wanafunzi, alama zao, ada zilizolipwa na darasa zilizorekodiwa. Ustadhi alikuwa ameshaambiwa afomati. Mambo yale ni amana za watu, hayafutwi kwa kukosa subira ya asubuhi moja.

Kwanza tulitazama. Amri ya lsblk -f huonyesha vyumba vyote vya diski, na df -h huonyesha kila kimoja kimejaa kiasi gani. Tukamwaga pipa la taka, tukatoa sudo apt clean kufuta vifurushi vya programu vilivyokwisha kazi. Wakati mwingine hilo pekee hutosha. Hapa halikutosha.

Pili, tulinakili kila kitu kwenye diski ya nje, kisha tukafungua faili kadhaa kwenye ile nakala kuhakikisha zinasomeka. Hatua hii haina mjadala.

Tatu, tulipunguza Windows kwa kutumia chombo chake yenyewe cha kusimamia diski, kutoka 420 hadi 220. Ni salama zaidi hivyo kwa sababu Windows inajijua. Tukaizima kikamilifu kwa kushikilia kitufe cha Shift huku tukibonyeza kuzima. Bila hivyo huenda ikalala nusu macho, na programu za Linux zikakataa kuigusa.

Nne, tuliwasha laptopu kwa flashi yenye GParted, programu ya bure ya kazi hii. Mbona flashi? Kwa sababu hubomoi ukuta wa chumba unacholala. Ext4 inaweza kupanuliwa ikiwa inatumika, lakini kuipunguza au kuihamisha kunataka iwe imefungwa.

Hapa pana jambo linalowakwaza wengi. Nafasi iliyoachwa wazi lazima ipakane na chumba unachokipanua. Ikiwa iko baada yake, kazi ni ya dakika chache. Ikiwa iko kabla yake, kama ilivyokuwa kwa ustadhi, mwanzo wa chumba unarudi nyuma, na vitu vyote lazima vihamishwe. Kwetu ilichukua yapata saa moja na nusu. Stima ikikatika katikati ya kuhama, data inaweza kuharibika, kwa hivyo betri iwe nzima na imejaa, na chaja iwe imechomekwa. Mashine nyingine, hasa za zamani, zinaweza pia kukataa kuwaka hadi programu ya kuanzisha Linux iwekwe upya. Faili zako bado zimo, usishtuke.

Uzuri wa GParted ni kwamba hupanga hatua zote bila kugusa kitu mpaka ubonyeze alama ya tiki, na hufuata ule mpangilio wa ukuta na daftari yenyewe. Anayetumia amri kwa mkono ndiye anayepaswa kuukumbuka: kwa kupanua, parted hutangulia na resize2fs hufuata. Kwa kupunguza ni e2fsck -f, kisha resize2fs, na parted mwisho. Na ukikuta mfumo wa faili ni XFS, usitarajie kuupunguza. Utanakili vitu kwingine na kujenga chumba upya.

Ustadhi sasa ana GB 245, na hakuna jina la mwanafunzi lililopotea.

Basi fundi akikwambia diski imejaa, mwombe akufungulie lsblk -f mbele yako. Muulize chumba gani kimejaa, jirani yake ana nafasi kiasi gani, na nakala iko wapi. Fundi anayeijua kazi yake atakujibu yote matatu bila kuchukia. Akishindwa, chukua laptopu yako uende nayo kwa mwingine.