Mfahamu Floyd, nguruwe anayegombewa na vyuo vikuu viwili Marekani

Tumezoea kuona timu ikishinda inakabidhiwa kikombe. Lakini huko Marekani kuna mechi ambayo mshindi huondoka na nguruwe. Ni sanamu ya shaba nyeusi, uzito wake kilo 44 hivi, na inaitwa Floyd of Rosedale.

Wanaoigombea ni Chuo Kikuu cha Iowa na Chuo Kikuu cha Minnesota. Mchezo wenyewe si soka letu. Ni futiboli ya Kimarekani, ambapo mchezaji hukimbia na mpira mikononi huku wapinzani wakimkamata na kumwangusha. Majimbo haya mawili ni jirani, na yote yanajulikana kwa mahindi na ufugaji wa nguruwe.

Je, nguruwe aliingiaje mchezoni?

Mwaka 1934 Iowa ilikuwa na mchezaji hodari, Ozzie Simmons. Alikuwa mtu mweusi, wakati ambapo weusi katika timu za vyuo vikuu vikubwa walikuwa wachache sana. Siku hiyo wachezaji wa Minnesota walimwangusha kwa nguvu mara kwa mara hadi akatoka uwanjani ameumia. Watu wa Iowa waliamini alilengwa makusudi. Minnesota ilikana.

Mwaka 1935 timu zilipokaribia kukutana tena, hasira ilikuwa bado haijapoa. Gavana wa Iowa, Clyde Herring, alisema waamuzi wakiruhusu ukatili ule tena, watazamaji hawatavumilia. Watu wakahofia vurugu. Ndipo gavana wa Minnesota, Floyd Olson, alipomtumia mwenzake telegramu ya utani: tuwekeane dau la nguruwe.

Utani ule ulisaidia kupoza mambo. Mechi ilichezwa kwa amani, Minnesota ikashinda 13 kwa 6. Herring akatimiza ahadi: alimpeleka nguruwe mzima hadi ofisini kwa Olson. Jina la Floyd lilitokana na gavana huyo, na Rosedale ni shamba la Iowa alikotoka nguruwe. Mnyama huyo alikufa kwa ugonjwa mwaka 1936, na sanamu ikachukua nafasi yake.

Na Simmons? Ligi kubwa ya kulipwa wakati huo haikuchukua wachezaji weusi. Akawa mwalimu mjini Chicago. Kwa hiyo ukisikia mashabiki wakimshangilia nguruwe, kumbuka kisa kilianza na kijana aliyeumizwa uwanjani. Utani ulizuia ugomvi, lakini haki yake hakuipata.