Ua Linalofunguka Usiku



Ukitoka Muhoroni kuelekea milima ya Nandi, ukaacha mashamba ya miwa nyuma yako, waweza kuona mti mfupi wenye matawi yaliyopinda na majani yatokayo matatu matatu. Wajaluo huuita rayudhi. Jina lake la kitaalamu ni Gardenia ternifolia. Mchana hauvutii macho. Matunda yake ni magumu, ya rangi ya kijivu, na wengi wetu tungeukata kuwa kuni.

Lakini ngoja jua lizame. Maua yake meupe hufunguka, na harufu tamu husambaa gizani. Kwa nini ua lifunguke wakati nyuki wamekwisha lala? Kwa sababu linamngoja mgeni wake. Mgeni huyo ni nondo mkubwa mwenye ulimi mrefu sana, uliokunjwa mviringo. Harufu humwita kutoka mbali, na weupe wa ua humwonyesha mahali. Hatui, huelea mbele ya ua akipiga mabawa upesi, hunyosha ulimi mpaka ndani ya shingo ndefu ya ua, akanywa maji matamu. Unga wa ua humshika, naye huupeleka kwenye ua jingine. Ndivyo tunda linavyopatikana. Kisha ua hugeuka rangi ya manjano. Kazi imetendeka, wala hakuna aliyeiona.

Labda utauliza, jambo hili lanihusu nini? Lahusu meza yako. Mpapai nao hungoja nondo. Mara nyingi mpapai dume na mpapai jike ni miti mbalimbali, na lazima unga utoke kwa huu ufike kwa ule. Utafiti wa Dino Martins na Steven Johnson, uliofanywa hapa Kenya na kuchapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba nondo hao ndio wafanyao kazi hiyo, na kwamba vichaka vya asili vilivyo karibu na shamba huwasaidia. Tukifyeka kila kichaka, viwavi watakula nini? Na viwavi wakifa, nondo watatoka wapi?

Sasa naungama kosa langu. Katika mtaa mmoja niliohudumu alikuwako mzee, mlinzi wa usiku. Jumapili hatukumwona. Nilisema mbele ya baraza kwamba jina lake liondolewe, maana hatukuona faida yake. Baadaye mjane mmoja mgonjwa aliniambia kwamba mzee yule humchotea maji kila jioni kabla ya zamu, na alfajiri akitoka kazini humpitia kuona kama ameamka salama. Mimi, mchungaji wake, nilikuwa sijamtembelea mama yule hata mara moja. Niliona haya. Nikaenda kumtaka mzee radhi, na jina lake likabaki.

Bwana Yesu, katika Mathayo sura ya 6, alifundisha juu ya sadaka, sala na kufunga kusikotafuta macho ya watu. Ndugu yangu, kabla hujaukata mti usiozaa machoni pako, au kumhukumu mtu usiyemwona kanisani, uliza kwanza: je, usiku anafanya nini?

Tuombe. Ee Baba, utusamehe kwa kuwadharau watumishi wako wa sirini. Utufundishe kutumika hata pasipo kuonekana. Amina.