Samaki mwenye mayai

Mwezi wa kumi na mbili tulinunua samaki mbichi kwenye soko la Kenya. Tulipompasua, tumbo lilijaa mayai. Watoto walifurahi, sisi tukanyamaza: samaki yule alikuwa karibu kuzaa.

Tuwasimulie watoto habari ya pumbu. Zamani, mvua ilipoanza, pumbu walitoka ziwa Moero wakapanda mto Luapula kutaga mayai, makundi kwa makundi. Wavuvi waliwangojea njiani na nyavu, na malori yakaleta samaki kutoka Kasenga mpaka hapa, wakati mji ukiitwa Elisabethville, kulisha wafanyakazi wa migodi. Kufikia miaka ya 1950, makundi yale yalikuwa yamekwisha.

Ndiyo sababu uvuvi hufungwa. Ng'ambo, Zambia, hufungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Upande wetu pia, uvuvi wa Moero na Luapula hufungwa wakati wa mvua. Tena mvuvi anatakiwa kuwa na kibali, na chandarua cha mbu si wavu wa kuvulia.

Tunajua miezi hiyo ni migumu kwa mama muuza samaki. Pesa ya masomo haingoji. Basi tununue samaki wakavu mapema, tuweke akiba. Uvuvi ukifungwa, tule bukari na sombe, maharagi, makayabo, ama samaki wa bwawa. Na wewe dada muuzaji, tukikuuliza samaki wametoka wapi, usikasirike. Tunataka kesho pia upate wa kuuza.