Dogo akiiba, lazima aende ndani?

Pale Masara, Kaunti ya Migori, ukisikia "mwizi!" jioni, hakuna anayeuliza ameiba nini. Watu wanaokota mawe tu. Na mawe kwetu hayapungui, maana wengi wanaishi kwa kuchimba na kusaga mawe ya dhahabu.

Miaka kadhaa iliyopita kelele hizo zilinipata nikinunua mandazi. Dogo wa miaka 15 alikuwa ameiba simu ya mama muuza chakula. Simu hiyo ndiyo ilikuwa duka lake: oda za wachimbaji, pesa za M-Pesa, kila kitu. Tayari kuna jamaa alishaitisha petroli. Aliyemwokoa dogo ni mzee wa kijiji. Alisimama mbele yake akasema, "Mkitaka kumpiga, anzeni na mimi."

Kesi haikufika kortini. Tulikaa chini ya mti: mama, dogo, nyanya anayemlea, mzee wa kijiji na afisa wa watoto. Mimi nilikuwa shahidi.

Usidhani ilikuwa mteremko. Dogo alitakiwa kueleza kwa mdomo wake alichofanya, akimtazama mama usoni. Mama akamwambia, "Nyathina, siku hiyo watoto wangu walilala njaa." Yule dogo, ambaye hakutoa chozi mbele ya umati, alilia hapo.

Wakakubaliana: nyanya auze mbuzi alipe simu, naye dogo amchotee mama maji kila jioni akitoka shule, muhula mzima. Afisa angekuwa akipita kuangalia.

Wengi hudhani hayo ni mambo ya kienyeji tu. Hapana. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inataka upatanisho na njia za jadi za kutatua mizozo ziendelezwe. Kifungu cha 53 kinasema mtoto azuiliwe pale tu njia nyingine zimeshindikana, na kwa muda mfupi iwezekanavyo. Nayo Sheria ya Watoto ya 2022 inaruhusu kesi ya mtoto kuondolewa kwenye mkondo wa korti, mradi akubali kosa bila kulazimishwa. Anaweza kuomba msamaha, kulipa au kufanya kazi ya jamii. New Zealand wamekuwa wakiketisha familia na waliokosewa hivyo tangu 1989.

Lakini tusidanganyane. Kuna wazee wanaotumia mti huohuo kuzika kesi za unajisi kwa mbuzi wawili, msichana akiambiwa anyamaze. Huo si upatanisho, ni uhalifu wa pili. Kesi kama hiyo ni ya polisi na korti, basi. Na pale aliyekosewa hataki kuketi na aliyemkosea, asisukumwe.

Nina rafiki tuliyesoma naye, yeye aliiba redio akapelekwa kortini. Kesi iliahirishwa wee, masomo yakakatika, na alirudi akijua mbinu ambazo hakuwa nazo. Mwenye redio? Hakulipwa hata shilingi, wala hakuwahi kuambiwa pole.

Mimi chuo niliacha katikati, kwa hivyo sijifanyi wakili. Nauliza tu: kati ya hao wawili walioibiwa, nani alipata haki?

Yule dogo sasa ni mtu mzima, anaendesha boda. Juzi alinibeba tukapita kwa kile kibanda. Kabla hajazima pikipiki, mama alikuwa ameshamwita kwa jina, chai iko tayari.