Zao la Jangwani Laingia Kisima cha Mafuta

Chukua ndoo ya maji. Tia konzi moja ya mchanga. Mchanga utazama mara moja mpaka chini. Sasa chukua sufuria ya mlenda uliopoa. Tia konzi nyingine ya mchanga. Mchanga huu hauzami upesi. Unashuka polepole sana, kama umeshikwa na mikono.

Mama mwenye mlenda atakugombeza. Lakini utakuwa umeelewa jambo ambalo makampuni ya mafuta ya Marekani yamelilipia fedha nyingi sana. Nayo hutia mlenda katika visima vyao. Mlenda huo hutokana na mbegu za zao la mkulima mdogo. Zao hilo huitwa gwari.

Gwari ni nini?

Gwari ni mmea wa jamii ya kunde. Hulimwa zaidi nchini India, katika jimbo la Rajasthan. Sehemu kubwa ya jimbo hilo ni nchi kavu, na upande wa magharibi kuna jangwa la Thar. Mvua ni chache. Wakulima hupanda gwari mvua zinapoanza, mwezi wa Julai. Huvuna mwezi wa Oktoba na Novemba. Pakistani pia hulima gwari, lakini sehemu kubwa ya gwari ya dunia nzima hutoka India.

Wakulima wa huko walilima gwari tangu zamani, kabla ya habari yoyote ya mafuta. Maganda machanga ni mboga. Mbegu na majani ni chakula cha ng'ombe. Mizizi ina vinundu vinavyorutubisha ardhi, kama ilivyo kwa kunde na maharage. Mvua ikiwa haba, mahindi hukauka, lakini gwari huweza kuvumilia.

Ndani ya mbegu ya gwari kuna sehemu nyeupe. Viwandani, mbegu hupasuliwa na maganda huondolewa. Ile sehemu nyeupe husagwa na kuwa unga. Unga huo ndio gundi ya gwari. Mbegu kilo 100 hutoa gundi kilo 30 hivi. Makapi yanayobaki hulishwa ng'ombe. Mji wa Jodhpur una viwanda vingi vya kazi hii.

Ukitia unga huo kidogo katika maji, maji hugeuka kuwa mazito na ya kuteleza. Watengenezaji wa aiskrimu huutumia. Watengenezaji wa michuzi ya chupa huutumia. Na wachimba mafuta pia.

Mafuta hayakai kama ziwa

Wengi wetu hudhani kwamba mafuta yamekaa chini ya ardhi kama ziwa. Sivyo. Mafuta yamo ndani ya mwamba wenyewe. Fikiri mtungi wa udongo. Ukiujaza maji, kuta zake hutoa jasho. Maana yake kuta zina vitundu vidogo sana, na maji hupita humo. Mwamba wa mafuta uko hivyo. Mwamba wenye vitundu vikubwa huachia mafuta yake kwa urahisi. Mwamba wenye vitundu vidogo mno hung'ang'ania mafuta yake.

Kwanza wachimbaji hutoboa shimo refu. Kilomita 2 au 3 kwenda chini si ajabu. Kisha huteremsha mabomba ya chuma. Kati ya bomba na ukuta wa shimo hujaza saruji, ili mafuta na gesi visipande kwa nje na kuingia katika maji ya kunywa ya watu.

Saruji hiyo nayo hutiwa dawa. Chini kabisa kuna joto kali, na joto huharakisha saruji kuganda. Ikiganda njiani, kisima kimeharibika. Kwa hiyo hutiwa dawa ya kuichelewesha. Dawa moja ya namna hiyo hutokana na maji yanayobaki miti inapopikwa kuwa karatasi. Hata sukari huchelewesha saruji. Fundi wa nyumba asiyeamini na ajaribu katika kopo, asijaribu katika msingi wa nyumba ya mtu!

Kazi ya mlenda

Saruji ikishakauka, bomba hutobolewa matundu pale penye mwamba wa mafuta. Ndipo maji hupigwa kwa pampu zenye nguvu kubwa mno. Maji hupita katika matundu, na mwamba hupasuka. Nyufa zake ni nyembamba, lakini huenda mbali.

Hapo kuna shida. Pampu zikizimwa, nyufa hujifunga tena. Mpasua magogo anaijua shida hii. Gogo likianza kupasuka, asipotia kabari, ufa hujifunga na kubana shoka lake. Kabari ya wachimba mafuta ni mchanga. Punje za mchanga huingia katika ufa na kuuzuia usijifunge. Mafuta hupata njia kati ya punje hizo.

Lakini tumeona kwamba mchanga huzama katika maji matupu. Ungelala karibu na bomba tu, na nyufa za mbali zingebaki bila kabari. Ndiyo sababu maji hutiwa gundi ya gwari. Kisha huongezwa dawa nyingine iitwayo borati. Dawa hii hushikanisha nyuzi za gundi, na mlenda hugeuka kuwa mzito kabisa, wa kutetemeka. Mlenda wa namna hiyo hubeba mchanga mpaka mwisho wa ufa.

Sasa mchanga umefika. Je, mlenda ubaki humo? Ukibaki, utaziba njia ile ile ya mafuta. Lazima uwe mwepesi tena na utoke. Kina mama wanaopika uji wa kimea watalielewa jambo hili upesi. Uji mzito ukitiwa unga wa kimea, baada ya muda mfupi huwa mwepesi. Ndani ya kimea mna vimeng'enya, navyo hukata wanga vipande vipande. Wachimba mafuta nao hutia vimeng'enya vya kukata gundi ya gwari, au dawa nyingine yenye kazi hiyo hiyo. Hupima kwa uangalifu. Gundi ikikatika mapema, mchanga huzama njiani. Isipokatika, kisima huziba.

Gundi yenyewe huliwa na watu. Lakini ndani ya maji hayo mna vitu vingine visivyoliwa. Gundi huoza kama chakula chochote, kwa hiyo hutiwa sumu ya kuua bakteria. Maji yanayorudi juu hutoka pia na chumvi nyingi ya ardhini. Kuyamwaga mtoni ni kuwadhuru watu na mifugo. Huko Marekani ugomvi juu ya maji hayo umekuwa mkubwa, na jimbo la New York lilipiga marufuku upasuaji huu wa miamba.

Piga hesabu

Maji lita 1000 huweza kutaka gundi kilo 3. Basi lita 1,000,000 zitataka kilo 3000, yaani tani 3. Kisima kimoja cha aina hii huweza kumeza maji lita milioni kadhaa. Na Marekani walichimba maelfu ya visima kila mwaka.

Upasuaji wa mwamba si jambo jipya. Ulijaribiwa mara ya kwanza mwaka 1947 katika jimbo la Kansas. Wakati huo walitumia petroli iliyogandishwa. Kazi ya hatari! Baadaye walihamia kwenye maji na gundi. Lakini uchimbaji ulikua sana baada ya mwaka 2000, mafundi walipounganisha upasuaji huo na ujuzi wa kukipindisha kisima kikatambaa ubavuni ndani ya mwamba. Majimbo ya Texas na North Dakota yalijaa mitambo. Gundi ya gwari ikatakiwa kuliko wakati wowote.

Bei yapanda

Mwaka 2010 mkulima wa Rajasthan aliuza mbegu kilo 100 kwa rupia elfu 2 na kitu. Mwezi wa Machi 2012 bei sokoni ilifika karibu rupia 30,000. Ni zaidi ya mara 10. Magazeti yaliandika habari za wakulima waliojenga nyumba za matofali na kununua matrekta kwa fedha za gwari.

Lakini tazama miezi. Mavuno yalikuwa Oktoba na Novemba. Bei ilifika kileleni mwezi wa Machi. Mkulima mwenye madeni huuza mara tu anapovuna. Mwenye ghala na akiba ndiye awezaye kungoja. Walanguzi nao waliingia. Walinunua na kuuza gwari kwa makaratasi, bila kuiona hata mbegu moja. Mwezi huo wa Machi 2012 serikali ya India ilisimamisha biashara hiyo ya makaratasi. Iliiruhusu tena mwezi wa Mei 2013.

Wakulima walifanya ambalo mkulima yeyote angelifanya. Walipanda gwari nyingi zaidi. Hata majimbo ambayo hayakuwa na desturi ya gwari yalianza kulima.

Huko Marekani nako makampuni hayakulala. Kampuni ya Halliburton ilinunua gundi nyingi kwa bei ya juu, ikihofu kwamba itaadimika. Bei iliposhuka, ilibaki na shehena ya gundi ya ghali. Mwaka huo huo wa 2012 ilitangaza kwamba gundi hiyo imepunguza faida yake. Makampuni yakaona ni hatari kutegemea mvua za Rajasthan. Yakatafuta njia nyingine.

Njia moja ilikuwa kutumia maji mepesi, yenye dawa kidogo ya kuyafanya yateleze ndani ya bomba. Dawa hiyo hutengenezwa kiwandani kutokana na mafuta ya petroli yenyewe. Maji hayo si mazito kama mlenda. Lakini hupigwa kwa kasi kubwa, nayo kasi ndiyo inayobeba mchanga. Umeona mto wakati wa masika unavyosomba mchanga, ingawa maji yake si uji. Ni vivyo hivyo. Visima vingi vya Marekani vikahamia njia hiyo.

Bei yaanguka

Bei ya gwari ilishuka mwaka 2013. Kisha likaja pigo la pili. Katikati ya mwaka 2014 pipa la mafuta lilikuwa zaidi ya dola 100. Mwanzoni mwa mwaka 2016 lilikuwa chini ya dola 30. Mitambo ya kuchimba ilisimamishwa kwa mamia. Mbegu za gwari kilo 100 zikarudi kwenye rupia 3,000 au 4,000.

Hapakuwa na ukame uliomwangusha mkulima huyu. Hapakuwa na nzige. Mbegu yake ilikuwa nzuri kama ya mwaka 2012. Kilichobadilika ni hesabu za watu walio mbali naye kwa kilomita zaidi ya 10,000. Aliyekopa fedha akanunua trekta wakati wa rupia 30,000 alilazimika kulipa deni wakati wa rupia 3,000. Aliyeendelea kulima gwari pamoja na mtama na uwele alipata hasara pia, lakini alikuwa na chakula ghalani, na ng'ombe wake walikula.

Gundi ya gwari bado huuzwa. Visima vingine huitumia mpaka leo, maana ipo miamba inayotaka mlenda mzito. Aiskrimu bado inaitaka. Na kila mwezi wa Julai, mvua ya kwanza inapolowesha mchanga wa Rajasthan, wakulima hutoka na mbegu zao. Wengine huuliza kwanza bei ya mafuta.